Clumber Park: jumba limekwenda, uani pamebaki. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapompeleka mgeni Clumber, Nottinghamshire, mambo huwa yaleyale. Tunaegesha gari, tunatembea hadi kwenye uwanja wa nyasi kando ya ziwa, mgeni anatazama huku na huku, kisha anauliza: "Sasa jumba lenyewe liko wapi?" Halipo. Lilibomolewa mwaka 1938. Baada ya hapo maswali humiminika, na kwa kuwa hayabadiliki sana, nimeyaandika pamoja na majibu yake.

## Mambo ya kwanza

Clumber ni wapi, na palikuwa pa nani?

Ni eneo la misitu, vichaka na mashamba karibu na mji wa Worksop, katikati ya Uingereza, ukubwa wake ekari 3,800 hivi. Mwanzoni mwa karne ya 18 lilizungushiwa uzio liwe mbuga ya kuwindia ya Duke wa Newcastle. Duke ndicho cheo cha juu kuliko vyote vya mabwana wa Kiingereza, ukiacha vya ufalme wenyewe. Kuanzia miaka ya 1760 familia ikaamua kuishi hapa, na msanifu majengo Stephen Wright akawajengea jumba kando ya maji.

Hawakuwa peke yao. Welbeck, Thoresby na Worksop Manor, zote za mabwana wa cheo hicho kwa nyakati mbalimbali, ziko jirani, ndiyo maana sehemu hii yote inaitwa Dukeries hadi leo.

Unaposema "majengo ya uani", una maana gani?

Kwetu, uani ndiko kwenye jiko, mtungi wa maji na kamba ya nguo. Mgeni wa heshima hukaa barazani, hafiki huko. Jumba la Kiingereza la shambani nalo lilikuwa na uani, ila uani wenyewe ulitapakaa ekari nyingi: banda la farasi, chumba cha magari ya kukokotwa, ufuaji, bustani ya mboga yenye kuta, nyumba za vioo, nyumba za mabawabu kwenye malango, na kijiji kizima cha wafanyakazi. Mpangilio huo ulikuwa na sababu zake. Samadi inanuka, dobi anamwaga maji, farasi wana inzi, na bwana alitaka kufungua dirisha aone ziwa tu.

Kanisa na daraja si vya uani hasa. Nimevitia humo kwa sababu navyo vilisimama nje ya jumba, na navyo vimebaki.

Ni nini hasa kinachoonekana leo?

Kanisa lenye mnara mrefu, banda la farasi na saa yake, bustani ya mboga yenye kuta na nyumba ya vioo ndefu kupindukia, daraja la mawe, ziwa lililochimbwa, mahekalu mawili ya mapambo kando ya maji, malango na nyumba za mabawabu, kijiji cha Hardwick, na barabara ya miti ya kilomita tatu na ushei. Kimebaki pia kipande kimoja cha jumba lenyewe, ambacho nimekieleza kwenye maswali ya mwisho.

Mbona kanisa limekaa peke yake katikati ya nyasi?

Halikuwa peke yake. Jumba lilikuwa ubavuni mwake. Lilipoondolewa, kanisa likabaki kama mtu aliyesimama kupigwa picha na mwenzake halafu mwenzake akakatwa. Ukisimama kwenye nyasi kati ya kanisa na ziwa, umesimama palipokuwa vyumba vya bwana.

## Kwa nini lilibomolewa

Si liliungua?

Hapana, ingawa hata wenyeji husema hivyo. Liliungua mara mbili na mara zote mbili likatengenezwa. Moto mkubwa ulikuwa wa mwaka 1879, ulioteketeza sehemu ya katikati pamoja na picha za thamani. Kazi ya kulijenga upya alipewa Charles Barry mdogo, mtoto wa yule Barry aliyesanifu Bunge la Uingereza, na jumba likatoka la fahari kuliko mwanzo. Mwaka 1912 likaungua tena, safari hii kidogo. Kilichokuja kuliondoa mwaka 1938 ni nyundo na mitarimbo ya watu waliolipwa na mwenye nyumba.

Mtu anabomoaje nyumba yake mwenyewe, tena nzuri?

Kwa sababu haimlishi, yeye ndiye anayeilisha. Majumba haya yaliendeshwa kwa kodi za wakulima waliopanga mashamba ya bwana. Kuanzia miaka ya 1870 nafaka rahisi kutoka Marekani ilishusha bei ya mazao Uingereza, na kodi za mashamba zikashuka nayo. Mwaka 1894 serikali ikaleta kodi ya mirathi ya aina mpya: bwana akifa, mrithi analipa sehemu ya thamani ya kila kitu. Kufikia 1919 mali kubwa kabisa zilitozwa hadi asilimia 40. Halafu Vita Kuu ya Kwanza ikawachukua vijana waliokuwa wakifagia, wakipika na kuchochea moto kwenye vyumba kadhaa wa kadhaa, na waliorudi hawakuutaka tena utumishi.

Familia hii ilikuwa na shida zake za nyongeza. Duke wa saba, aliyelijenga kanisa, alifariki mwaka 1928 bila mtoto, na cheo kikaenda kwa mdogo wake, Lord Francis Hope. Huyu ndiye aliyerithi upande wa bibi yake ile almasi ya buluu ya Hope, akafilisika miaka ya 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 akaiuza. Leo almasi hiyo iko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Ukiona ukoo umeuza kito cha namna hiyo, usishangae matofali yakifuata.

Mwaka 1937 vitu vya ndani vikapigwa mnada, maktaba ikauzwa, na mwaka uliofuata jumba likaangushwa. Mrithi alikusudia kujenga nyumba ndogo zaidi humohumo Clumber. Mwaka 1939 vita vikaanza, na nyumba hiyo haikujengwa.

Serikali haikuzuia?

Haikuwa na sheria yenye nguvu ya kuzuia. Orodha ya majengo yanayolindwa ilianza kwa sheria ya mipango miji na vijiji ya mwaka 1947, na hata hapo mwenye nyumba alitakiwa kutoa taarifa tu kabla ya kubomoa. Sharti la kupata kibali kwanza lilikuja mwaka 1968. Katikati hapo, hasa miaka ya 1950, majumba yalianguka kama maembe msimu wa upepo. Mwaka 1974 makumbusho ya Victoria and Albert, London, yalifanya maonyesho juu ya majumba yaliyopotea, na picha zilizotundikwa zilikuwa za majumba zaidi ya elfu moja. Umma ukashtuka, lakini Clumber lilikuwa limekwenda miaka 36 kabla.

Basi kwa nini hawakubomoa na mabanda?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu langu ni fupi: banda lina kazi, jumba halina. Nyumba ya vyumba vingi isiyo na mtu haifai kitu. Huwezi kuweka ng'ombe sebuleni. Lakini banda la farasi, farasi wakiondoka, linageuka karakana, ghala, ofisi, nyumba ya mfanyakazi. Kuta za bustani bado zinakinga upepo. Nyumba ya bawabu ina vyumba vichache, na anayeitaka kuipanga hakosekani. Daraja lazima libaki, vinginevyo utapitaje?

Tena jumba lilikuwa na vitu vya kuuza: marumaru, mbao za ukutani, madini ya risasi ya paa, ngazi. Banda lina matofali na chuma, na kubomoa kwake kungegharimu kuliko faida.

Kanisa nalo lina sababu yake: lilikuwa limewekwa wakfu, na halikuwa limefikisha hata miaka 50.

## Kilichobaki, kimoja kimoja

Kanisa lilijengwa lini, na kwa nini kubwa hivyo?

Lilijengwa kati ya 1886 na 1889 kwa amri ya Duke wa saba, kijana aliyependa ibada za Kianglikana zenye ubani, mavazi na nyimbo, karibu sawa na za Kikatoliki. Alikuwa katika miaka yake ya ishirini. Msanifu wake, G. F. Bodley, alikuwa miongoni mwa mabingwa wa makanisa wa zama zake. Mnara unafika mita 55 hivi. Mawe ni ya rangi mbili, meupe ya Steetley ya jirani na mekundu ya Runcorn, na vioo vya rangi ni kazi ya karakana ya Kempe. Watu huliita kanisa kuu lililopunguzwa, na ukiingia ndani utakubali: ni jembamba, refu, na macho yanapanda yenyewe.

Duke na Bodley waligombana juu ya gharama. Kazi za ndani za kuchonga zikasimamiwa na kasisi msanifu, Ernest Geldart. Ukiwa ndani tazama mbao za kwaya kwa utulivu, maana wageni wengi huinua shingo juu tu na kuyapita yaliyo mbele ya pua.

Bustani ya mboga ina nini cha ajabu? Si mboga tu?

Ni mboga, ndiyo, ila hii ndiyo sehemu inayokuonyesha kazi ilivyokuwa. Ndani ya kuta kuna ekari nne. Ukuta wa tofali ulikuwa mtambo: unapigwa na jua mchana, unahifadhi joto, usiku unalitoa polepole, na mti wa pichi uliosambazwa ukutani kama mkeka unadhani uko Italia. Bwana alitaka zabibu na matunda laini mezani katika nchi ambayo baridi inaweza kuua maua mwezi wa Mei, na watunza bustani walitakiwa kuyapata.

Nyumba ya vioo ina urefu wa mita 137 hivi. Hebu ipime kwa miguu: ni zaidi ya uwanja wa mpira. Imegawanywa vyumba, kila kimoja na hali yake ya hewa.

Siku hizi bustani inajulikana kwa rubabu, mmea wa mashina mekundu machachu ambao Waingereza huupika na sukari. Aina zaidi ya 130 zinatunzwa hapa. Mgeni wangu mmoja wa Tanga alionja, akakunja uso, akasema ni ukwaju uliojifanya mboga. Sina la kuongeza.

Bustani iko mbali na jumba. Chakula si kilipoa?

Chakula hakikupikwa bustanini, kilitoka hapo kibichi asubuhi. Umbali ulikuwa wa makusudi, kwa sababu zilizo kwenye swali la majengo ya uani. Njia ya kutoka jumbani ilipandwa mierezi, ili bibi mkubwa akitaka kwenda kuona zabibu zake apite penye kivuli na pambo. Wafanyakazi walikuwa na njia zao.

Banda la farasi linatumikaje sasa?

Lilikuwa na farasi, magari yao ya kukokotwa na vijana waliowahudumia. Sasa ua huo una duka, mgahawa na ofisi, na saa ya mnarani bado ndiyo inayokuambia umechelewa. Simama katikati ya ua ufumbe macho kidogo. Kwato juu ya mawe, ndoo, mtu akipiga mluzi: nyuma ya jumba lolote palikuwa na kelele namna hii, na ukimya uliokuwa mbele ulitegemea kelele hizi.

Lime Tree Avenue: ni barabara ya milimau au midimu?

Wala si mojawapo, na Waswahili wote hunaswa hapa, mimi nikiwemo. Kiingereza kina neno moja kwa miti miwili isiyojuana. Huu ni mti wa jenasi ya Tilia, hauzai ndimu. Cha kufurahisha, wataalamu wa mimea wanauweka katika familia moja na mbuyu, pamba na bamia, kwa hiyo kwa nasaba uko karibu nasi kuliko unavyodhani.

Ilipandwa karibu mwaka 1840 na Duke wa nne, miti 1,296, safu mbili kila upande, kwa urefu wa maili mbili. Kwenye mashina utaona mikanda myeusi. Si alama za kukata: ni mabaki ya dawa yenye kunata iliyopakwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuzuia wadudu wasipande.

Ziwa ni la asili?

La hasha. Mto Poulter ulizuiwa na bonde likachimbwa katika karne ya 18, kazi ya miaka mingi ya majembe na mikokoteni. Ukubwa wake ni ekari 87 hivi.

Ni kweli daraja lilivunjwa juzijuzi?

Ndiyo. Mwaka 1938 lilinusurika, mwaka 2018 watu wasiojulikana wakaligonga kwa gari makusudi na kuangusha vizuizi vya mawe vya pembeni. Mafundi wa mawe walikarabati baadaye. Ukitazama kwa makini utatofautisha jiwe jipya na la zamani kwa rangi.

## Kwenda kuona

Nani anamiliki sasa, na kiingilio kikoje?

National Trust, shirika la hisani la kutunza mali za urithi, tangu mwaka 1946, baada ya michango ya umma na ya halmashauri za jirani. Anayekuja kwa miguu au baiskeli haulizwi kitu langoni. Gari ndilo linalolipiwa, isipokuwa wanachama. Bustani ya mboga ina utaratibu wake wa saa, uulizie kabla.

Nina saa mbili tu. Nianzie wapi?

Bustani kwanza, ukiwa na nguvu, kisha rudi kwa njia ya mierezi hadi kanisani, na umalizie kwa chai kwenye ua wa farasi. Daraja liache kwa siku nyingine, ni mbali kuliko linavyoonekana ng'ambo ya maji.

Ninaweza kuona jumba lilikokuwa?

Ndiyo, mchoro wake umewekwa ardhini. Lakini wakati mzuri kuliko wote ni kiangazi kikali. Kiangazi cha 2018 kilipochoma nyasi, misingi iliyofukiwa ilijitokeza yenyewe, kwa sababu nyasi zilizo juu ya mawe hukauka mapema kuliko za jirani. Kuta na vyumba vikasomeka kutoka angani kama ramani.

## Maswali ya pembeni

Uliahidi kipande cha jumba kilichobaki.

Ni chumba cha kusomea cha Duke, sehemu ya kazi ya Barry aliyetajwa kwenye swali la moto. Kiliunganishwa na majengo ya nyuma, kikaachwa, na leo kimo ndani ya mgahawa. Wengi hunywa kahawa humo bila habari kwamba ndio waliofanikiwa kuingia jumbani.

Wakati wa vita palitumika?

Jeshi lilihifadhi risasi na mabomu chini ya miti, mahali pazuri pa kuyaficha yasionwe na ndege za adui. Humu pia ndimo ilimojaribiwa mashine kubwa ya kuchimba mahandaki ambayo Winston Churchill aliipigania. Ilichimba vizuri, ila vita vya kusubiriana mahandakini havikurudi, kwa hiyo haikuwa na pa kwenda.

Clumber ni mfano wa kipekee?

Hapana. Trentham, Staffordshire, jumba lilibomolewa mwaka 1911 na 1912, kwa sehemu kwa sababu mto Trent ulinuka maji machafu ya viwanda vya vyungu. Bustani na baadhi ya majengo ya pembeni yapo. Eaton Hall, Cheshire, lilianguka kuanzia 1961, likaacha kanisa, mnara wa saa na banda la farasi. Cassiobury, Watford, lilikwenda 1927: banda lake likabaki hapo, na ngazi yake ya mbao ya kuchonga iko Metropolitan Museum, New York.

Aliyefika Maruhubi, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, anaijua picha hii. Kasri la Seyyid Barghash liliungua mwaka 1899, na kinachotazamwa leo ni nguzo na hamamu. Tofauti ni kwamba Maruhubi ni moto, Clumber ni hesabu.

Familia hii ilihusika na Afrika Mashariki?

Duke wa tano alikuwa waziri wa makoloni wa Uingereza kuanzia 1859 hadi 1864, na cheo hicho huwafanya wageni wangu wakunje ndita. Lakini wakati huo Uingereza haikuwa na koloni pwani yetu, na mambo ya Zanzibar yalipitia serikali ya India: hata uamuzi wa 1861 wa kuitenga Zanzibar na Muscat ulitolewa na gavana mkuu wa India, Lord Canning. Tusimbebeshe mtu mzigo usio wake. Mizigo yake Kanada na kwingineko inatosha.

Na mbwa?

Ndiyo, Clumber spaniel, mbwa mzito mweupe wa kuwindia ndege, amepewa jina la hapa.

Duke wa Newcastle wa sasa anaishi wapi?

Hayupo. Duke wa tisa, yule aliyekuwa mrithi jumba lilipobomolewa, alifariki Novemba 1988. Cheo kikaenda kwa binamu, msomi wa wadudu aliyebobea kwa nondo na vipepeo, ambaye naye alifariki siku ya Krismasi mwaka huohuo bila mtoto. Uduke ukafa naye. Cheo kidogo cha familia, Earl wa Lincoln, hakikufa: kilimfuata ndugu wa mbali, mzee mmoja aliyekuwa akiishi Australia.